Maharage ya Mwanasesere

Kila Jumamosi asubuhi watoto walifika kanisani na walichookota. Huyu kaleta magunzi ya mahindi, yule vibiriti vitupu, mwingine kandambili iliyokatika mkanda, mwingine magome makavu ya mgomba aliyoyachuna shambani kwa jirani bila kuuliza. Walivimwaga vyote juu ya turubai mbele ya Uwitonze, kama wauza nyanya wanavyomwaga mali yao sokoni, kisha wakasimama kumtazama usoni. Na Uwitonze, hata siku zile ambazo mgongo ulimuuma tangu alfajiri, alishika kitu kimoja, akakigeuza, akauliza, "Hii tuifanye nini?"

Hakuwa mwalimu wa kusomea. Kwao, juu kwenye milima ya Kivu ya Kusini, aliishia darasa la sita, kisha vita ikaja ikachukua ng'ombe, ikachukua na shule yenyewe. Alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 2004 pamoja na mumewe, Nehemiya. Hawakujaliwa kupata watoto. Nehemiya alipata kazi ya kuchunga ng'ombe wa mtu kule Endiinzi, akawa anarudi nyumbani mara moja moja, na maziwa kwenye chupa na vumbi mpaka kwenye kope. Siku zilizobaki Uwitonze alikuwa peke yake na jembe lake, na foleni ya maji, na foleni ya chakula cha msaada, na kuni za kutafuta mbali zaidi kila mwaka.

Ni Pasta Natanaeli aliyemwomba akae na watoto siku za Jumamosi. Wazazi walikuwa wakienda kulima vibarua, na watoto walikuwa wanazurura mpaka ziwani. Pasta alimpa ufunguo wa kanisa na baraka, basi. Wageni waliwahi kuja na gari jeupe, wakapiga picha, wakasema watatuma rangi, makasi na karatasi. Uwitonze hakuwalaumu walipokaa kimya. Watu wanaotoa ahadi kambini ni wengi, na barabara ya kurudi kwao ni ndefu. Alianza na kile ambacho hakuna aliyekiuza: udongo wa kando ya ziwa, mkaa wa kuchorea, vifuniko vya soda, makopo ya mafuta ya msaada, mbegu za miti, mifuko ya nailoni. Mara chache alipokwenda mjini Mbarara, alirudi na gunia la vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani ya fundi mmoja aliyeitwa Edirisa. Mke wa fundi, Jamidah, alikuwa akimwekea.

Mwaka 2010, msimu wa kiangazi, watoto walianza kujenga kijiji. Hakuwatuma, walianza wenyewe. Juu ya boksi kubwa lililokunjuliwa walisimamisha nyumba za magunzi, wakaziezeka kwa vipande vya turubai. Wakafinyanga ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko miguu. Kopo la mafuta likawa lori la chakula, na magurudumu yakakatwa kwenye kandambili. Katikati walisimamisha bomba la maji, nalo lilikuwa ganda la kalamu lililochomekwa kwenye tope, na mbele yake foleni ndefu ya watu wa vijiti, kila mtu na kifuniko chake.

"Lakini maji haitoke," alisema Umuhire.

Umuhire alikuwa binti wa miaka minane, mtoto wa Mukandoli aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Uwitonze. Alikuwa mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele, na kitu kikimkera hakikumtoka kichwani. Wenzake walimwambia ni mchezo tu, watu wa vijiti hawana kiu. Hakuridhika. Akachuchumaa mbele ya ile kalamu, kidevu juu ya magoti, mpaka wenzake walipotoka nje kucheza mpira wa mifuko.

Jumamosi iliyofuata alichelewa. Uwitonze alimwona akija mbio kutoka upande wa maduka, uso unang'aa kwa jasho, mkono mmoja umefichwa mgongoni.

"Mwalimu! Leo maji itatoka!"

Akatoa mkono. Alikuwa ameshika bomba la sindano, lile ambalo waganga huvutia dawa, na sindano yenyewe ikiwa bado mbele yake. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa jani, na jani lilikuwa limelowa damu.

Uwitonze hakupiga kelele. Alilichukua lile bomba taratibu, akaliweka juu kwenye mwamba wa paa, akamvuta mtoto mpaka kwenye ndoo, akaanza kuosha kidole kwa sabuni, akaosha, akaosha tena, mpaka Umuhire akalia.

"Umeitoa fasi gani?"

"Nyuma ya butiki ya dawa. Kuko shimo. Kuko mingi, mwalimu, nilichagua moja tu."

"Na ilikudunga?"

"Kidogo. Haiumi."

Uwitonze aliwaambia watoto wengine wakae palepale, asiguse mtu kitu. Akambeba Umuhire mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akashika njia ya kituo cha afya. Njiani mtoto aliendelea kumweleza sikioni namna bomba lile lingefungwa nyuma ya kalamu, namna angelisukuma kwa kidole na foleni yote ingepata maji.

Muuguzi aliyekuwa zamu aliitwa Goretti, mwanamke wa Uganda, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Alikiangalia kidole kwa muda mrefu kuliko Uwitonze alivyopenda.

"Nyabo, mama yangu, sikiza," alisema. "Ile sindano ilidunga nani kabla ya huyu mtoto? Unajua?"

"Sijue."

"Na mimi sijui. Hakuna mtu anajua. Sasa sisi tunafanya kama ule mtu alikuwa na ugonjwa wa ukimwi. Mtoto atakula dawa mwezi moja, asubuhi na jioni. Lakini dawa ya mtoto hapa imekwisha. Munaenda Mbarara leo, si kesho. Nitaandikia nyinyi. Mama yake wapi?"

Hilo ndilo Uwitonze alilokuwa akiliogopa njia nzima.

Mukandoli alikuwa mjane. Mumewe alifia njiani, kabla ya mpaka, Umuhire akiwa bado mgongoni. Tangu hapo alilima mashamba ya watu upande wa Ngarama, akiondoka kabla ya jua, akirudi limezama, na mtu akimsalimu jioni alijibu huku akiendelea kutembea. Siku hiyo walimkuta nyumbani, anapepeta maharage mlangoni. Uwitonze alimweleza akiwa amesimama. Alieleza vibaya, akaanzia kwenye kijiji cha boksi, akarudi nyuma, akaruka mbele. Mukandoli aliendelea kupepeta mpaka aliposikia neno sindano.

"Unatuma batoto baokote takataka," alisema. Ungo ulikuwa bado mikononi. "Siku zote nawaona. Banapita na makopo, banapita na mavi ya mbuzi, naambia moyo wangu, nyamaza, ni mambo ya kanisa. Wewe haukuzaa. Ungejulia wapi kama mutoto si kopo, ukitoboka unaokota lingine?"

Uwitonze alimtua Umuhire chini, akasema gari linaondoka.

Walipanda lori lililokuwa limebeba ndizi, mama mbele karibu na dereva pamoja na mtoto, Uwitonze nyuma juu ya mikungu. Hakuna aliyemwomba aende. Lakini Mukandoli hakuwahi kufika Mbarara, wala hakujua Kinyankore, lugha ya huko, na Uwitonze alijua kwamba mlangoni mwa hospitali kubwa mtu asiyejua pa kuingilia huweza kukaa mpaka jua lizame. Basi alikwenda.

Hospitalini walipokelewa. Mtoto alitolewa damu, akapewa kidonge cha kwanza palepale, mama akaelezwa na kuelezwa tena. Damu ya leo ilikuwa safi, daktari alisema, lakini hiyo haitoshi. Ugonjwa kama uliingia utajionyesha baadaye. Wamalize dawa yote, wasiruke hata siku, kisha warudi kupimwa, na baada ya miezi warudi tena. Mukandoli aliitikia kwa kichwa kila neno. Walipotoka nje alimuuliza Uwitonze kwa sauti ndogo, "Amesema mutoto ni muzima ao ni mugonjwa?"

"Amesema tungoje."

"Kungoja," alisema Mukandoli, kama mtu anayetajiwa jina la jamaa asiyempenda.

Jua lilikuwa limekwisha kushuka na magari ya Nakivale yalikuwa yameondoka. Uwitonze aliwapeleka kwa Jamidah, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji. Jamidah alikuwa anatandika mkeka kwa ajili ya swala ya magharibi. Alipowaona alisimama mkeka mkononi.

"Bambi, maskini! Mwalimu, kuja ndani. Na huyu mama ni nani? Kuja, kuja, nyumba hii hakuna kufungia mgeni mlango. Mtoto amekula?"

Hakuuliza zaidi mpaka walipokwisha kula. Alipoelezwa, alimpa Umuhire gunia la vitambaa, akamwambia achague. Mtoto, macho mazito kwa dawa na safari, alichagua kipande cha kaki cha sare ya shule, na kipande cha hariri ya bluu, na mpaka walipolala alikuwa amekwisha kufunga mwanasesere: kichwa cha pamba, shingo ya uzi, hana macho wala mdomo. Mukandoli alimtazama akifunga. Uwitonze alidhani atamnyang'anya. Hakumnyang'anya.

Habari ilikuwa imetangulia kurudi kambini. Wazee walilifuata duka lile la dawa, ile butiki. Mwenyewe akaapa kwamba lile shimo si lake, na wiki haikuisha alikuwa amefunga mlango na kuhama. Wanaume walilifukia shimo kwa udongo na mawe. Pasta Natanaeli alimwita Uwitonze baada ya ibada.

"Mwalimu," alianza. Alitafuta maneno kwa muda, akizungusha kofia. "Hakuna anayekuhukumu. Lakini wazazi wana woga. Tupumzishe kidogo mambo ya Jumamosi."

"Sawa, pasta."

"Si kwa ubaya."

"Nimesikia, pasta. Sawa."

Alirudisha ufunguo. Kijiji kilibaki kwenye kona ya kanisa; kuku wakaingia, wakakanyaga ng'ombe, na mtu akachukua boksi kuwashia moto. Uwitonze alisikia na hakwenda kuangalia. Alijishangaa kwamba hakulia. Machozi nayo yanataka nguvu.

Ila dawa ilibaki. Mukandoli hakuweza kuacha vibarua, akiacha hawali. Na asubuhi mapema Umuhire hakuweza kumeza kitu tumboni mwake kukiwa tupu, alitapika. Basi wakafika mahali pa kukubaliana bila kukaa kuzungumza. Alfajiri Mukandoli alipita mlangoni kwa Uwitonze, jembe begani, akamsukuma mtoto ndani, akaacha kidonge na kusema, "Muti wake huu," akaenda zake. Uwitonze alipika uji, akamnywesha nusu, akampa kidonge, akamnywesha nusu iliyobaki. Jioni mama alitoa cha pili mwenyewe.

Asubuhi zilifanana. Umuhire alikunja uso, akachukua kidonge, akanywa maji, akatoka nje mbio kukaa nyuma ya nyumba na mwanasesere wake. Uwitonze alikaa mlangoni, sufuria ya uji mapajani, akitafuta nguvu ya kwenda shambani. Kuna asubuhi alisinzia hivyohivyo na uji ukaganda. Nehemiya alirudi siku moja, akamkuta, akakaa karibu naye bila kumwamsha mpaka alipojiamsha mwenyewe.

"Uko unaisha," Nehemiya alimwambia.

"Mwezi utaisha kwanza," alijibu.

Mwezi ulikuwa umefika katikati alipokwenda nyuma ya nyumba kuanika nguo. Umuhire alikuwa hayupo, amekwenda kuteka maji na wenzake. Mwanasesere alikuwa ameegeshwa ukutani, sketi ya kaki, kitambaa cha bluu kichwani, na mbele yake jiko: mafiga matatu ya kokoto, vijiti vya kuni vimepangwa vizuri, na juu yake kifuniko cha soda. Uwitonze alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Aliinama kuangalia kilichopikwa.

Ndani ya kifuniko kulikuwa na maharage meupe. Kando yake, kwenye kibiriti kilichofunikwa kwa jani, kulikuwa na mengine. Yalikuwa yameliwa kingo, yameyeyuka upande mmoja na kukauka tena, kama kitu kilichokaa mdomoni kikatemwa.

Aliketi chini palepale, nguo mbichi mikononi, maji yakimchuruzikia magotini.

Umuhire aliporudi alimkuta hivyo. Aliona kibiriti kikiwa wazi. Alitua dumu.

"Unapika nini, mama?" Uwitonze aliuliza.

"Maharage yake." Sauti haikusikika vizuri.

"Haya maharage ni ya nani?"

Mtoto aliinua kidole gumba, akakionyesha juu kama anayejibu darasani. "Kilishapona, mwalimu. Angalia. Ile muti ni ya batu bagonjwa. Mimi siko mugonjwa. Nikikunywa ile muti ndiyo nakuwa mugonjwa."

"Ulianza lini?"

"Si siku zote. Siku zingine nameza."

Siku zipi, hakujua. Uwitonze aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akaacha. Mtoto hakuwa anaficha, hakuwa amehesabu.

Mchana ule Uwitonze hakwenda shambani. Siku chache zilizopita Mukandoli alikuwa ameanza kumsalimia. Si salamu kubwa, "umelala?" tu, mgongo umegeuka, lakini ilikuwa salamu. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuanzia kesho kumfungua mtoto mdomo na kuangalia chini ya ulimi, na Mungu akipenda lisingetokea lolote, na hakuna ambaye angejua. Alilifikiri jambo hilo kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila haraka. Kisha akafunga vile vidonge kwenye ncha ya kitenge, akaifuata njia ya Ngarama.

Alimkuta Mukandoli njiani, anarudi peke yake, miguu myeupe kwa vumbi. Mukandoli alipomwona alisimama ghafla.

"Amekufa?"

"Hapana, hapana. Anacheza."

Akafungua kitenge, akamwonyesha. Akamwambia yote, safari hii kwa mpangilio: alichokiona, alichoambiwa, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpa asubuhi na hakumwangalia mdomo. Akangoja atukanwe. Alikuwa tayari; hata aliona itakuwa nafuu.

Mukandoli alitua jembe. Akaketi juu ya mpini wake kando ya njia, akavitazama vile vidonge kiganjani kwa Uwitonze.

"Na jioni?" aliuliza. "Za jioni hazimo humu?"

"Sijue. Hakujua kunieleza."

"Mimi namupa, nalala." Alijipangusa uso kwa mkono wenye udongo, ukabaki na mistari. "Namupa mukononi, mbele afikishe mukinywa mimi nishalala. Nasikia tu akisema, mama, nimemeza. Nasema, aksanti." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha wala hasira. "Yaya, sisi wawili tumeshindwa na mutoto wa meno pengo."

Lile neno yaya, ambalo kwao mtu humwita dada yake mkubwa, halikuwa limepita kati yao hata siku moja. Uwitonze aliketi chini naye. Ng'ombe wa mtu walipita, na mchungaji akawasalimu, na wote wawili hawakumsikia mpaka alipokwisha kupita.

"Kesho tuende Mbarara," Mukandoli alisema.

"Tuende."

Walirudi hospitalini. Walimkuta daktari yuleyule, kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na meza yake imejaa. Aliwasikiliza. Uwitonze alidhani atawafokea, lakini alisugua tu paji la uso. Alisema dawa iliyoingia imeingia. Iliyotemwa haiwezi kurudishwa. Akawaongezea nyingine, akawataka waendelee kama ilivyopangwa, na tangu siku hiyo mtoto amezeshwe huku anatazamwa, afungue kinywa, ainue ulimi. Kama ile imekinga au haikukinga, damu ndiyo itakayosema.

Jioni ile, kwa Jamidah, Umuhire alifunga midomo kwa nguvu. Uwitonze alimbembeleza, Jamidah akamwahidi sukari, hakufungua. Mukandoli alikuwa amekaa pembeni, ameegemea ukuta. Akanyoosha mkono, akamchukua mwanasesere.

"Huyu jina lake nani?"

"Hana," Umuhire alijibu kwa pua.

"Na anakula na nini? Hana kinywa. Ndiyo maana maharage yanabaki kwenye sufuria."

Akamgeukia Jamidah, akamwomba sindano ya kushonea. Mlangoni kulikuwa na mfuko mtupu wa vitunguu, ule wa wavu mwekundu. Mukandoli aliuchomoa uzi mmoja, akauvuta kwa meno, akauingiza tunduni. Mikono yake ilikuwa migumu, vidole vimepasuka kwa jembe, na chumba kizima kilimtazama akimshonea mwanasesere mdomo, pindo kwa pindo, akauacha wazi katikati.

"Sasa wewe ni munganga," alimwambia mwanawe. "Wewe unamupa punje ya mutama, unamwangalia kama amemeza. Akitema, unamupa tena. Na mimi nakufanyia vilevile."

Umuhire alifikiri. Akauliza kama mwanasesere anaruhusiwa kulia.

"Alie. Lakini ameze."

Hivyo ndivyo walivyoumaliza mwezi. Asubuhi kwa Uwitonze, jioni kwa mama, mtoto alimeza, akafungua kinywa, akainua ulimi, kisha akamgeukia mgonjwa wake na kumsukumia punje ya mtama, akimkaripia kwa maneno yaleyale aliyokaripiwa. Kuna siku alitapika na ikabidi kuanza upya. Kuna siku wote watatu walilia. Dawa zilipoisha hawakusherehekea, kwa sababu kulikuwa na kungoja.

Na kungoja kulikuwa kazi kuliko dawa. Mtoto akikohoa, Mukandoli alisimama mlangoni. Akipata homa, na kule ziwani nani hapati homa, Uwitonze aliitwa. Mvua zikaja, wakapanda mahindi, wakapalilia, na wakati wote huo kila mmoja alikuwa akimchungulia mtoto shingoni na kwapani na kumwona mwenzake akifanya vivyo hivyo. Kipimo cha kwanza baada ya dawa kilikuwa safi. Bado, walisema hospitalini. Rudini.

Walirudi mahindi yalipokuwa yamekwisha kuvunwa. Damu ikatolewa, wakaambiwa wakae kwenye benchi la nje. Umuhire alicheza kwa vizibo vya chupa za dawa alivyopewa na muuguzi mmoja, safi, vya mpira, akivipanga kwa rangi. Jina lilipoitwa wote wawili walisimama, na ndani waliingia wote wawili, na hakuna aliyeuliza mama ni yupi.

Daktari alikuwa mwingine, mwanamke mzee. Alisema mtoto ni mzima. Alisema pia kwamba hawahitaji kumwona tena kwa jambo hili. Mukandoli alimwomba arudie. Akarudia.

Nje, kwenye benchi lilelile, Mukandoli alikaa ili afunge kamba ya kiatu. Hakuifunga. Kichwa kilimwangukia kifuani, mikono ikafunguka mapajani, na palepale kati ya wagonjwa na wauza chapati alilala, mdomo wazi, akikoroma kidogo. Umuhire alitaka kumwamsha amwambie kwamba ana njaa.

"Muache," alisema Uwitonze.

Walikaa naye mpaka jua lilipohama upande wa pili wa jengo.

Jumapili Pasta Natanaeli alisimama mbele ya watu akamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, na baada ya ibada alimfuata Uwitonze, ufunguo mkononi. Wazazi wamekaa, alisema, wamekubaliana. Watoto wanamwulizia kila siku.

Uwitonze aliutazama ule ufunguo. Alitaka kufurahi, na alijua kwamba furaha ipo mahali fulani, kama mtu anavyojua kuna kisima hata asipokiona.

"Pasta, nimechoka," alisema. "Mniache nilale kwanza."

Jumamosi alilala. Jua lilikuwa limekwisha kupanda alipowasikia watoto nje, miguu mingi, kunong'ona kwingi, mmoja akigonga bati la mlango kwa ukucha. Alifungua jicho moja. Alikuwa anatafuta nguvu ya kuinuka aliposikia sauti ya Mukandoli, kali, kutoka barabarani. Siku hiyo hakuwa amekwenda Ngarama.

"Tokeni pale! Mwalimu amelala. Munataka kuokota, tutaenda wote, mimi mbele. Hapana mutu kugusa kitu mbele nikione. Wewe, vaa viatu. Hauna? Basi kaa nyuma yangu. Tuende kwanza kwenye migomba."

Sauti zilisogea, zikashuka upande wa mashamba, Mukandoli akimfokea mtu juu ya kipande cha chupa. Uwitonze aligeukia ukutani, akajifunika kitenge mpaka masikioni, akalala.